Maswali ya kila Januari: shule yetu ya kata huku kando ya ziwa

Kila Januari simu yangu haipumziki. Wazazi wa njuka, yaani wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, wanauliza, njuka wenyewe wanauliza kwa simu za wazazi, na mwaka huu kuna baba mmoja wa Igombe kaniuliza karibu yote haya kwenye sauti ya dakika nane ndani ya grupu la wasapu, huku nyuma injini ya mtumbwi inanguruma, nimesikiliza mara tatu. Basi nimeamua kuandika yote sehemu moja. Mimi ni mwalimu wa malezi kwenye shule ya kata, ya kutwa, upande wa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Jina la shule naliacha sababu humu nitasema na mabaya yetu. Mengi ya hapa ni ya shule yoyote ya serikali, mengine ni ya kwetu tu, utayajua ukiyaona.

Fomu ya kujiunga imeandika vitu vingi, vyote ni lazima siku ya kwanza?

Hapana. Ada hamna, kidato cha kwanza mpaka cha nne hailipwi tangu 2016, na cha tano na sita tangu 2022. Ila sare, madaftari, viatu, hivyo ni vya mzazi, halafu inakuja ile orodha ya jembe, fagio, ndoo, rimu ya karatasi, ndo inayowachanganya watu. Anza na sare na madaftari mtoto aje aanze kusoma. Jembe litakuja. Kila mwaka napata mtoto amekaa nyumbani wiki tatu, nikimpigia mama yake ananiambia "mwalimu nilikuwa natafuta rimu", jamani, wiki tatu za kidato cha kwanza kwa ajili ya rimu! Njoo uniambie hauna, tutaandika kwenye daftari la madeni maisha yaendelee.

Kuhusu viatu, nunua vyeusi vya kufunga kamba vyenye soli ya mpira iliyochimbika. Mtoto anayeshuka kutoka juu kwenye mawe kule Kitangiri asubuhi mvua ikiwa imenyesha, soli laini itamleta hapa amekaa. Mitumba ya Makoroboi ina viatu vizuri tu, hamna mwalimu atakayeuliza umenunua wapi.

Mchango wa chakula nao? Si mlisema elimu bure?

Ada ndo bure. Chakula cha mchana kwa shule ya kutwa ni makubaliano ya wazazi wenyewe kwenye kikao, kwetu ni makande siku nyingi na ugali maharage siku mbili, na siku wazazi wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, wakituonea huruma tunapata dagaa. Mtoto harudishwi nyumbani kisa mchango, ukiona amerudishwa njoo ofisini, usiende kulalamika kwenye daladala. Lakini na wewe mzazi ukweli uusikie, kuanzia saa saba mchana mtoto aliyekunywa chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi hasikii chochote. Mimi nafundisha kipindi cha saa nane, naona macho yao.

Walio mbali kidogo wengine wanabeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) kwenye mfuko wa sketi. Hairuhusiwi kula darasani. Sijawahi kumkamata mtu.

Konda anamkataa mtoto kwenye daladala, nifanyeje?

Nauli ya mwanafunzi ni 200 na konda anajua. Tatizo anaona afadhali abiria wa nauli kamili, kwahiyo asubuhi anapita bila kusimama au anaruhusu wawili tu wasimame mlangoni. Tulichokubaliana na watu wa kituo cha karibu na shule ni kwamba mwalimu wa zamu anasimama pale jioni, na kweli akisimama mtu mzima magari yanasimama. Asubuhi hatuna mtu wa kusimama kila mtaa, kwahiyo anayetoka Igoma au Buhongwa kuja huku aondoke mapema kweli kweli, na kama mmehamia kule moja kwa moja ongea na mimi tuanze uhamisho. Mtoto kuvuka mji mzima mara mbili kwa siku ni kumchosha tu.

Tunaishi mbali, je tumpangishie chumba karibu na shule?

Geto. Hili naomba mnisikilize vizuri.

Najua wengine mko visiwani, mtoto hawezi kwenda na kurudi, na bweni hatuna. Lakini nimeingia kwenye mageto yale. Chumba kimoja, godoro chini, sufuria moja, jiko la mkaa mlangoni, mtoto wa miaka kumi na nne anapika mwenyewe, anajifungia mwenyewe, anaumwa mwenyewe. Mwenye nyumba hamjui hata jina. Wiki ya kwanza mzazi ametuma unga na dagaa, wiki ya tatu unga umeisha na boti haijaja, na hapo ndo anatokea "kaka" wa bodaboda mwenye roho nzuri ya kumnunulia chipsi. Wa kike na wa kiume wote, ila wa kike gharama yake inaonekana tumboni.

Kama lazima iwe hivyo, basi mtafutie ndugu, hata wa mbali, hata mtu wa kanisani au msikitini kwenu, mtu mzima anayelala nyumba hiyo hiyo. Halafu mimi nipe namba yake. Nina karatasi ukutani ofisini yenye majina ya watoto wote wanaoishi bila mzazi, na mara moja kwa mwezi mimi na mwenzangu mmoja tunapita jioni bila taarifa. Watoto hawapendi. Sawa tu.

Mtoto akikosa shule siku ngapi anafutwa?

Utoro wa siku 90 mfululizo unaweza kumtoa kwenye rejista. Hiyo ndo kanuni. Sasa niwaambie kwanini huku kwetu kanuni hiyo karibu haina kazi.

Kuna mwalimu wa hesabu alikuja mgeni, mwaka wake wa kwanza akaniletea rejista akidhani kuna ugonjwa, wavulana kama kumi wa kidato cha pili wanapotea siku kumi na kitu, wanarudi wote pamoja, wanakaa, wanapotea tena wote pamoja. Nikamwambia leo usiku toka nje uangalie juu. Dagaa wanavuliwa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, mitumbwi inapumzika, wavulana wanarudi darasani wakiwa na hela kidogo na usingizi mwingi. Rejista yetu ukiiangalia vizuri ni kalenda ya mwezi. Na wasichana nao, utoro wao ni wa asubuhi, wanakuja saa nne, sababu dagaa wakishatua alfajiri lazima waanikwe na wageuzwe, na mama peke yake hamalizi. Niliwahi kusahihisha daftari la Baiolojia lenye magamba yamekaukia kwenye kava kama gundi.

Kwahiyo hakuna anayefikisha siku 90 mfululizo, hata 20 hawafiki. Lakini jumlisha mwaka mzima halafu uje uniambie huyo mtoto kasoma nini.

Tulichofanya (sio waraka wa wizara, ni sisi tu) majaribio ya kila mwezi tunayaweka kwenye siku za mbalamwezi, wakiwepo. Walimu wengine walipinga, wanasema tunawabembeleza watoro. Labda. Ila kabla ya hapo walikuwa wanapata sifuri za kutokuwepo, sasa wanapata angalau 30 za kuwepo, na mwenye 30 unaweza kuongea naye. Mpaka sasa sijui kama ni sera nzuri au ni kushindwa kwa adabu, lakini naitetea kila kikao.

Na wewe mzazi mwenye mtumbwi, au unayemkodisha mwanao kwa tajiri, usinidanganye kwamba ana malaria. Niambie yuko majini. Nikijua nitamtunzia notsi. Usiponiambia nitajaza utoro na barua itakuja kupitia mtendaji wa kata, tutaonana kule tukiwa wote tumekasirika.

Simu zinaruhusiwa?

Haziruhusiwi. Mwanafunzi akikutwa nayo inachukuliwa na mzazi anaitwa.

Sasa kinachotokea kiukweli: wanazificha kwenye mawe. Nyuma ya vyoo vyetu kuna mawe makubwa yamepandana, yale ya Mwanza yote mnayajua, na asubuhi kila mtu ana tundu lake, simu ndani ya mfuko wa nailoni, juu kijiwe. Mwaka jana ilinyesha mvua ya saa tano isiyo na taarifa, nikawa kwenye kipindi naona vijana watano wanaomba ruhusa ya chooni kwa mpigo. Sikuwaruhusu. Najua ni roho mbaya. Simu tano zilikufa siku hiyo.

Na upande wetu niseme, kuna mwaka simu mbili tulizochukua zilipotea ndani ya kabati la ofisi na mpaka leo hatujui nani. Wazazi walikuja juu na walikuwa na haki. Tangu hapo simu ikichukuliwa inaandikwa aina yake na rangi mbele ya mwanafunzi, anasaini, mimi nasaini. Dai karatasi hiyo, hata mwalimu akikunja uso.

Kitu kingine, usikimbilie kudhani ni mapenzi au kamari. Kijana mmoja simu yake iliita katikati ya jaribio, nikapokea mimi, sauti ikasema "leo tunatoka saa kumi na moja, uje na sweta". Alikuwa tajiri wake wa mtumbwi. Aliyekuwa na shida hapo sio kijana peke yake.

Viboko vipi?

Kanuni za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, inaandikwa kwenye kitabu na sababu yake, msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Kofi, kupiga magoti juani, kuchapwa na kiranja, hivyo vyote havimo popote. Ukiona mtoto ana alama, njoo uombe kuona kitabu. Kama hakijaandikwa basi hiyo haikuwa adhabu ya shule, ilikuwa hasira ya mtu.

Mimi mwenyewe fimbo niliacha, sio kwa uzuri wa moyo, niliona wale wale ndo wanachapwa kila wiki na wale wale ndo wanarudia.

Nywele na hijabu?

Nywele fupi kwa wote, kusuka hamna. Hijabu ruksa, rangi ya sare. Swala ya Ijumaa wanatoka na wanarudi, na "kurudi" nimeliandika makusudi.

Je, wanamsimamisha shule mtoto bila kuniambia?

Mkuu wa shule anaweza kumsimamisha kwa muda, lakini kumfukuza kabisa lazima bodi ya shule ikae. Mzazi unatakiwa uitwe, mtoto asikilizwe. Wengi mnapigiwa, mnaona namba ngeni mnakata mkidhani ni watu wa mikopo. Sevuni namba ya shule tafadhali.

Michezo na klabu si zinampotezea muda?

Swali hili linatoka kwa akina baba ambao watoto wao wanashika nafasi ya pili au ya tatu darasani, sijui kwanini. Hapana, hazimpotezei. Tuna mpira, netiboli, riadha, skauti, debeti ya Ijumaa, klabu ya wapinga rushwa, kwaya, na vikundi vya dini, UKWATA na TYCS kwa Wakristo na Waislamu nao wana chao. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ndo inawatoa roho watoto, inaanzia shule, inapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa, na mwaka 2018 taifa zima lilikuja kucheza hapa hapa Mwanza, wapo kaka zao wanasimulia mpaka leo kana kwamba walicheza wao. Timu yetu ya mpira ilitolewa hatua ya kata na shule ambayo haina hata uwanja. Tusiongelee.

Lakini mimi mapenzi yangu yako kwenye ngoma. Tuna kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe, ndo maana mnaambiwa mlete majembe! (Natania. Nusu.) Nilikuwa na kijana mmoja mzito wa maneno, darasani anaulizwa swali anaangalia viatu, kumbe babu yake Kisesa alikuwa mtu wa ngoma, siku moja akashika jembe akalirusha juu, likazunguka, akalidaka bila kuangalia. Shule nzima ikapiga kelele. Wiki iliyofuata alinyoosha mkono kwenye somo la Jiografia. Jibu lilikuwa la makosa, lakini mkono aliunyoosha.

Sharti letu ni moja, mwalimu wa michezo hawezi kumtoa mtoto kwenye kipindi, mazoezi ni baada ya saa tisa. Analivunja kila Mei, tunagombana, tunapatana.

Ni kweli akiongea Kiswahili anavalishwa kibao?

Kwetu kilikuwepo, kibao cha mbao chenye kamba, anayekutwa anaongea Kiswahili anavaa mpaka amkute mwingine. Tumekitoa. Kilichokuwa kinatokea ni watoto kunyamaza tu siku nzima, na mtu aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, ukiacha somo la Kiswahili na machache mengine, kwahiyo lazima wakijue, ila kidato cha kwanza anatoka shule ya msingi ya Kiswahili, nyumbani Kisukuma au Kikerewe au Kijita, tumpe mwaka. Mwambie asome kwa sauti nyumbani, hata kama hamna anayeelewa, bibi atafurahi.

Mnawakataza kuoga ziwani wakati tumekulia humo humo?

Ndiyo tunakataza, na ndiyo tumekulia humo na kichocho tumekula humo. Vimelea vinatoka kwa konokono wadogo wa kwenye maji ya kando kando, yale yenye majani, vinapenya ngozi huna habari. Huku ziwani zaidi ni kile cha tumbo, sio cha mkojo ambacho watu wa majaruba ya mpunga na mabwawa wanakijua, kwahiyo kutokukojoa damu sio kwamba umepona. Dawa zikiletwa shuleni mtoto anasimama kwenye fimbo ya kupimia urefu na idadi ya vidonge inatokana na hapo. Ni vidonge vikubwa na vichungu, na akimeza tumbo tupu atatapika au kizunguzungu kimshike, ndo chanzo cha zile sauti za "watoto wamepewa sumu". Siku hiyo ale kwanza. Uji mzito, viazi, chochote.

Binti akipata mimba ndo mwisho?

Sio mwisho tena. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo kurudi, na waliojifungua wamo. Hapa kwetu wapo. Mmoja bibi yake alikuwa anamleta mtoto saa nne ya mapumziko, nyuma ya duka la mama muuza maandazi, binti ananyonyesha, anarudi kipindi cha tano amechelewa dakika kumi na hamna mwalimu alimuuliza. Wiki ya kwanza wenzake walimnyoosha vidole, ya pili wakaanza kugombea kumbeba mtoto.

Na aliyempa mimba, sheria ya elimu ilivyorekebishwa 2016 inasema miaka 30 jela, kumwoa mwanafunzi hivyo hivyo. Nawaandikia hili akina baba mnaokaa vikao vya usiku mkakubaliana ng'ombe na familia ya kijana. Mimi nikijua natoa taarifa. Mmeshaniita majina kwa ajili hiyo, nimeyazoea.

Viranja wanachaguliwaje?

Kura, kidato cha tatu wanagombea, kampeni wiki moja, hamna kugawa pipi. Walimu tunakata majina kabla, siri ambayo sio siri. Kaka mkuu wa sasa aliahidi maji bombani. Hayajatoka.

Divisheni zinahesabiwaje?

Kidato cha nne wanachukua masomo saba bora, A ni pointi 1, B ni 2, C 3, D 4, F 5. Ukijumlisha, 7 mpaka 17 ni divisheni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo, zaidi ya hapo ziro. Na kidato cha pili kuna upimaji wa taifa, asiyefaulu anarudia kidato, kwahiyo usiseme "bado mdogo atakaza kidato cha nne".

Mahafali lazima tuchange? Na sare ya mahafali?

Mahafali yanafanyika kabla ya mtihani wa Novemba. Mchango ni wa hiari, na sare ya mahafali ni sare ya shule ikiwa imepigwa pasi. Keki zenu na mashada ya noti leteni, ila spika la kukodi lizimwe saa kumi jioni, sababu Jumatatu hao hao wana mtihani na majirani zetu wana wagonjwa.

Nikitaka kukuona wewe?

Jumanne na Alhamisi, saa nane na nusu baada ya kipindi changu, chini ya mwembe, maana ofisini tuko walimu sita. Asiyeweza mchana apige baada ya saa mbili usiku. Wavuvi nyie pigeni wakati mnaotoka, kabla mtandao haujakata huko mbele.